Hundi ya Bibi Koskela

Kila tarehe tano bahasha yake hufika,
ila Februari ile ya dhoruba, ilipochelewa siku mbili,
na yeye akapiga simu kuomba radhi kwa niaba ya theluji.
Dola sitini. Mwandiko umeinama kama ua lililoegemewa na ng'ombe,
na penye mstari wa sababu, maneno mawili:
akina baba.

Mimi ni mweka hesabu tu. Naifungua kwa kisu cha siagi,
naandika daftarini: Koskela, A., sitini,
kisha nateremka ngazi kuitazama sitini ikifanya kazi.

Chini ya kanisa la Walutheri, mjini Sudbury,
mabomba ya joto yanakohoa
na soksi zilizolowa zinakauka mgongoni mwa kiti.
Jumatano. Wanaume tisa, wametoka zamu,
vumbi la nikeli lingali kwenye mikunjo ya shingo.
Gaétan Rivet anajifunza kusuka nywele
kwa kichwa cha dekio kilichofungwa ukingoni mwa meza.
La kulia juu, la kushoto juu, la kati lisubiri:
vidole vilivyoshika keekee miaka kumi na moja
vinatetemeka mbele ya utepe.
Hakimu amempa Jumamosi mbili kwa mwezi.
"Jumamosi mbili," asema, "na kichwa kimoja chenye nywele nyingi."
Wote wanacheka. Yeye hacheki.

Pembeni, Darcy anairudia sentensi moja mbele ya ukuta,
ya kumwambia mwanawe kwa simu.
Anaianza kwa "mimi", anaifuta, anaianza tena.
Mara ya sita nadhani ukuta ulimwelewa;
akatoka nje kuvuta sigara.

Machi, wafadhili wakubwa waliandika kutoka Toronto,
barua ya adabu, karatasi nzito ya kupendeza:
vipaumbele vimebadilika.
Waliwahi kuja, wawili, wakauliza mabadiliko tunayapimaje.
Nikawaonyesha dekio.
Hawakuliandika.

Nikaenda kwa Bibi Koskela kumwambia mapema
kwamba huenda Jumatano zikapungua, asije akashangaa.
Akanipa mkate wa iliki na kahawa isiyo maziwa,
akakaa kimya mpaka nikamaliza kutafuna.

"Reino wangu alishuka shimoni miaka thelathini na mmoja.
Alitoka kabla ya jua, akarudi jua limekwisha kulala.
Hakutupiga. Hakulewa. Mshahara wote mezani.
Watoto walimjua kwa viatu mlangoni:
viatu vipo, basi baba yupo, nyamazeni.
Siku ya kumzika, Esko wangu, mtu mzima, ndevu zina mvi,
aliniuliza jikoni kwa sauti ndogo:
Mama, macho ya baba yalikuwa ya rangi gani?
Nikamjibu. Kijivu.
Lakini aibu niliyoona,
kana kwamba mimi ndiye niliyeyaficha."

Akapangusa makombo, akayakusanya kiganjani.
"Sitini ni fedha yake ya tumbaku.
Sikuiongeza, sikuipunguza. Nimeihamisha tu."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nabadilisha balbu ukumbini.
Gaétan alipiga goti kumfunga bintiye kamba za viatu.
Msuko umekwenda upande, kama barabara inayozunguka ziwa,
utepe mmoja tayari umepotea.
Maëlle akamshika mashavu kwa mikono yote miwili,
akamkazia macho, akatangaza kama karani wa mahakama:
"Hili la kushoto lina doa la kahawia."
"Lina doa?"
"Lina. Dogo. Usilisugue."

Nikarudi mezani. Balbu, dola nne. Utepe, mbili na nusu.
Maziwa. Mkate.
Doa la kahawia sikujua niliweke safu ipi;
nikaliandika kwa penseli, pembeni,
mkabala na sitini.